Maji ya Pampu na Saini ya Mhandisi

Mtaani walimwita Mzee wa Saini, lakini mbele yake kila mtu alimwita Mhandisi. Sijui alizaliwa wapi wala alisoma wapi, na sikuwahi kuuliza. Alikuwa na chumba kimoja ghorofa ya pili ya jengo letu, upande wa Kariakoo unaopakana na Gerezani. Vijana waliomaliza vyuo vya uhandisi walipanda ngazi zetu na vitabu vyao vya kazi mkononi. Wengi walishuka wamenuna.

Shangazi yangu alikuwa na duka la stesheneri chini ya jengo hilo. Mimi natoa kopi, nachapa taratibu, nafunga vitabu, kwa hiyo mambo yao nayajua. Mhitimu akitaka kusajiliwa kuwa mhandisi kamili, lazima aandike kazi yake yote wiki kwa wiki: alikuwa wapi, alifanya nini, alijifunza nini. Bosi wake wa kazini anasaini. Halafu mhandisi mlezi, mtu wa nje asiyekula mshahara wa kampuni hiyo, naye anasaini. Saini moja ikikosekana, bodi ya wahandisi haiuhesabu muda wako, hata kama jua lilikuunguza mgongo kila siku. Mhandisi alikuwa mlezi wa vijana wengi, na alijulikana kwa ugumu.

Chumbani kwake hakukuwa na kiti cha mgeni. Mhitimu alisimama mbele ya meza. Mhandisi alifungua kitabu popote, akaweka kidole kwenye mstari, akauliza, "Hapa ulisimama wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Ukimjibu kwamba ulikuwa saiti, alikuuliza tena. Alitaka kujua ulikuwa upande gani wa nguzo, jua lilikupiga wapi, fundi gani alikuwa karibu yako na alikuwa anasema nini. Ukishindwa, alichukua rula na kalamu nyekundu akaukata ukurasa kutoka kona hadi kona, polepole, kama mtu anayepima kiwanja.

Alikuwepo mmoja aliyenakili kitabu cha rafiki yake aliyefanya kazi Moshi. Alibadilisha majina yote ya mitaa, akasahau mto. Mhandisi alisoma kwa sauti kwamba wiki ile kijana alisimamia nguzo za daraja hapa hapa Kariakoo. Akavua miwani. Akamwomba ampeleke kwenye huo mto, maana yeye amekaa mjini miaka yote hajauona, na samaki wa mto anawapenda. Kijana yule alikaa dukani kwetu mpaka alasiri.

Mwingine aliandika kwamba alisimamia umwagaji wa zege siku ya Idi. Akaulizwa fundi mkuu alikuwa nani. Akamtaja mzee mmoja wa Lindi ambaye mtaa mzima unamjua, hakosi swala hata moja msikitini. Mhandisi akauliza, "Kwa hiyo Idi aliiswalia juu ya zege bichi?"

Miaka ya karibuni wahitimu walianza kuja na picha kwenye simu, zenye tarehe na ramani ya mahali. Walidhani hapo wamemweza. Mhandisi aliziangalia zote, akazisifia, akarudisha simu. "Nimeamini simu ilikuwepo," alisema. "Sasa tuzungumze habari zako wewe."

Ukijibu vizuri, bado hakusaini. Alichukua kofia yake akatoka nawe kwenda huko ulikosema ulisimama. Nimewaona mara nyingi wakikatiza kwenye umati, mzee mbele, kijana nyuma na kitabu kifuani, mawinga wakiwavuta mikono kuwauzia viatu. Alitembea katikati ya barabara. Bodaboda walimpigia honi, wenye maguta ya mizigo walimtukana. Mmoja alimwambia, "Mzee, si upite pembeni." Akajibu bila kugeuka, "Pembeni kuna ukuta."

Hakupenda kuta. Hakukaa chini ya baraza la jengo lolote jipya. Kwenye genge la supu Gerezani alikaa akitazama nje, na aliinua macho kila baada ya vijiko kadhaa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Wakati mwingine alisimama ghafla njiani akaweka kiganja kwenye nguzo ya duka la mtu, akakaa nacho hapo. Wenye duka walidhani anaumwa, wakamletea maji. Aliyanywa, akashukuru, akaendelea na safari.

Watu husema mtu mkali wa kazi ni mkali wa kila kitu. Yeye hapana. Kwa mdomo alikuwa mwongo wa kila siku. Mkewe alipopiga simu alisema yuko njiani karibu na Upanga, na mbele yake kuna sahani ya chipsi mayai. Alimwambia shangazi chai yake haina mfano, kisha akaimwaga dirishani. Siku moja shangazi alimwona, akamuuliza mtu anayekata kurasa za watoto wa wenzake kwa uongo anawezaje kudanganya hivyo. Mhandisi akacheka mpaka akakohoa. "Mdomo wangu hauna muhuri, mama," alisema.

Na ingawa aliwakata, aliwahurumia. Aliyekatwa kurasa alinunuliwa juisi ya miwa, akainywa hapo hapo ngazini. Aliyesainiwa hakupewa kitu. Ndiyo maana sisi dukani tulijua matokeo kabla hatujaambiwa. Kijana akishuka na glasi, tulimsogezea kiti.

Katika wote aliowalea, alikuwepo mmoja ambaye hakuacha kumtaja. Kitabu cha huyo hakikukatwa hata ukurasa mmoja. Mhandisi alisimulia jinsi alivyompeleka kila mahali kijana alipoandika, na kila mahali kijana alionyesha hata alipoweka chupa yake ya maji. Mvua ilipomkuta kazini, mafundi wote walikimbia, yeye akabaki kutazama maji yanaingilia wapi. "Huyo nilimsaini kwa furaha," alikuwa anasema, na wahitimu wengine walilichukia jina la mtu wasiyemjua.

Basi huyo ndiye aliyekuja kuchimba shimo pembeni yetu.

Nyumba ya zamani ya jirani ilivunjwa, mabati yakazungushwa, na kibao kikawekwa kuonyesha jengo refu litakalokuja, lenye maduka mpaka andagraundi. Kampuni ilikuwa ya yule kijana wa zamani, sasa mtu mzima mwenye gari kubwa na kofia nyeupe. Mhandisi alifurahi. Alishuka dukani kwetu asubuhi ile akatuambia tulale usingizi, shimo liko kwenye mikono mizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitembea karibu na ukuta.

Kwenye shimo hilo alifanya kazi dada Rehema, mhitimu kutoka Songea, ambaye naye alikuwa analelewa na Mhandisi. Alikuwa mchangamfu, mwenye kunitania kwamba nachapa kama naokota mchele. Kitabu chake kilikuwa kinaelekea mwisho. Alibakiza wiki chache apeleke bodi, na mama yake kule nyumbani alikuwa ameshawatangazia majirani.

Shimo lilipofika kina cha kutosha kummeza mtu na nyumba yake, maji yakaanza kutokea chini. Wakaweka pampu. Ilinguruma mchana kutwa nyuma ya ukuta wetu, na vikombe vya shangazi vikawa vinatetemeka kwenye sinia. Bomba lake lilipita chini ya mabati na kumwaga maji kwenye mtaro wa barabara. Watoto walielesha mashua zao za karatasi humo. Sisi tulizoea.

Mhandisi hakuzoea. Siku moja alisimama mtaroni muda mrefu, akachota maji, akayaacha yatoke kati ya vidole. Aliporudi alinionyesha kiganja. Kilikuwa na mchanga mwembamba kama sukari.

"Maji yakitoka masafi, pampu inanyonya maji," aliniambia. "Yakitoka na huu, inanyonya ardhi iliyo chini ya nyumba zetu."

Kuanzia hapo alibandika vipande vidogo vya kioo ngazini, juu ya nyufa, kwa simenti. Alinieleza kwamba kioo hakijui kuvumilia, ukuta ukisogea kidogo tu kinapasuka. Wapangaji wa juu walidhani ni urembo. Asubuhi moja nikifagia nilikuta kimoja kimepasuka katikati. Mhandisi alikuwa amekiona kabla yangu. Alibandika kingine pembeni yake, hakumwambia mtu, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Alipeleka barua manispaa, nilizichapa mimi. Walikuja watu wenye mafaili, wakaonyeshwa kibali getini, wakaangalia kibali vizuri sana, wakaondoka. Mmoja aliniuliza kama huyo mzee ana ugomvi na mwenye jengo. Mhandisi alipita mlango kwa mlango kuwaambia wapangaji wahame. Wakamsikiliza kwa heshima wakiendelea kupima vitambaa. Fremu ya duka Kariakoo haipatikani, na aliyeiachia haipati tena. Shangazi naye alisema tutaangalia.

Dada Rehema ndiye aliyeandika. Kwenye kitabu chake cha kazi, wiki ya mwisho wa mwezi, aliandika kwamba maji ya pampu yanatoka na mchanga, kwamba ukuta wa jirani umefunguka, kwamba amemweleza bosi na kazi imeendelea. Mhandisi alipousoma ukurasa ule hakuuliza swali. Alimwambia waende. Walishuka mpaka chini kabisa ya shimo, mzee akishikilia ngazi ya miti kwa mikono miwili. Walirudi na tope hadi magotini. Akausaini ukurasa, na dada Rehema akashuka anatabasamu bila glasi.

Lakini bosi, yule kijana wa zamani, alikataa kutia saini yake.

Siku waliyokutana wote watatu nilikuwa nimepeleka kopi juu, nikabanwa kwenye kona nyuma ya mlango. Bosi alivua viatu vya tope nje, akaingia na soksi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Hakuwa mtu wa kelele. Alieleza kwa upole kwamba kibali anacho, vipimo anavyo, na maji ya namna ile ni ya kawaida kwa ardhi ya hapa. Ukurasa kama ule ukifika mbali, kazi itasimamishwa na watu wengi watakosa riziki. Rehema ni mfanyakazi mzuri na kurasa nyingine zote atazisaini sasa hivi, hata kalamu anayo. Huu mmoja utoke.

Mhandisi alimtazama. "Wewe mwenyewe unashuka chini?"

"Kila siku, Mwalimu. Ulinifundisha wewe."

"Na huo mchanga umeuona?"

"Nimeuona."

Hapo ndipo nilipomwona Mhandisi akikosa la kuuliza. Siku zote alikamata watu ambao hawakuwepo. Huyu alikuwepo, alisimama, aliona kila kitu, na bado alikuwa anatabasamu na soksi zake. Pampu ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta, na glasi ya maji mezani ilikuwa na viduara vidogo vinavyokwenda na kurudi.

Dada Rehema ndiye aliyesema. "Mhandisi, ni ukurasa mmoja tu. Asiposaini, muda wangu wote wa kwake unapotea. Nianze upya wapi? Nani atanichukua akisikia nimegombana naye?" Alikuwa analia bila sauti. "Naomba uutoe."

Nilisubiri amfukuze. Niliwahi kumwona akimfukuza mtoto wa mkubwa fulani kwa sababu ya tarehe moja. Badala yake alichukua rula, akailaza ukingoni, akaukata ukurasa kwa wembe, taratibu, bila kuacha hata uzi. Akamsogezea bosi kitabu. Bosi akasaini, akashukuru, akatoka kuvaa viatu vyake.

Tulipobaki, Mhandisi alimpa dada Rehema ule ukurasa.

"Mhitimu akipiga kelele wanamwambia bado anajifunza. Mimi nikipiga kelele wanasema nimezeeka. Ukipata muhuri wako, uandike huu upya kwa jina lako, uupeleke mwenyewe. Mhandisi aliyefanya kazi ndani ya shimo watamsikiliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haraka."

"Siku hiyo hiyo, Mhandisi."

Mhandisi alininunulia mimi juisi ya miwa jioni ile. Sikuweza kuimaliza. Vioo vya ngazini havikuwahi kunitisha, lakini ule wembe ulinitisha. Mtu ambaye hakuwahi kulegeza alikuwa amelegeza, na nilijua hakufanya hivyo kwa huruma. Alikuwa ameona hakuna njia nyingine iliyobaki.

Baada ya hapo presha ilimshika. Binti yake alikuja kumchukua, akakaa Upanga, karibu na hospitali, na chumba chake cha juu kikafungwa kufuli. Wahitimu walikuja na vitabu, wakasoma karatasi mlangoni, wakaenda kutafuta walezi wengine, wasio wagumu. Nami nilibaki naangalia vioo. Kila kilichopasuka nilikifagia.

Dada Rehema alisajiliwa. Alikuja dukani na keki, akakumbatiana na shangazi, nikamtolea kopi za cheti chake na sikutaka anilipe. Nilisubiri atoe ule ukurasa nimchapie. Nilishaweka karatasi kwenye mashine. Aliongea habari za mama yake alivyopiga vigelegele kwenye simu, akatazama saa, akasema, "Mdogo wangu, nitakuja wiki ijayo tuongee vizuri."

Wiki iliyofuata alikuwa anapita upande wa pili wa barabara. Alinipungia mkono kutoka mbali. Kofia yake ya njano ilikuwa imebadilika kuwa nyeupe, kama ya bosi.

Mara ya mwisho Mhandisi alipokuja kwetu ilikuwa mchana, na bajaji ilimshusha mbele ya duka. Alikuwa amekonda, shati limekuwa pana. Nilimwamkia, nikamwekea kiti, naye hakukaa. Aliuliza kama nimemwona Rehema. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa mabati.

Kibao cha kwenye mabati kilikuwa kimepakwa upya. Alitembea mpaka pale kwa kupita barabarani, katikati ya magari, akasimama na kukisoma kuanzia juu: mwenye jengo, kampuni, na chini yake, mhandisi msimamizi wa kazi. Jina la dada Rehema lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa za bluu. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

Kisha akaenda mtaroni. Nilimfuata kwa sababu niliogopa ataanguka. Aliinama kwa shida akatia mkono kwenye maji ya bomba. Hakuhitaji kuuangalia. Hata mimi nilikuwa naona, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mchanga ulikuwa umejaa mtaro mpaka unapitika kwa miguu.

Geti likafunguka. Dada Rehema alitoka na simu sikioni, akatuona, akaikata.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba, Mhandisi," alijibu mzee.

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana iliuma. Dada Rehema alicheka kidogo akaacha. Alitazama mkono wa mzee unaochuruzika. Akaanza kueleza haraka haraka kwamba wamebakiza kidogo wamwage zege la chini, likishamwagwa ardhi itatulia, pampu itazimwa, ni suala la kufika pale tu. Kusimamisha kazi kungeharibu zaidi, shimo haliwezi kuachwa wazi. Alikuwa amefikiria, alisema. Anafikiria kila siku. Ukurasa bado anao.

Mzee alitikisa kichwa kama anavyofanya mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha alinigeukia mimi.

"Mwambie shangazi yako atoe mashine. Leo."

Shangazi alitoka akiwa na maneno mengi. Alitaka kujua wateja wataambiwa nini, na vitu vitalala wapi, na nani amesema. Alipoiona sura ya Mhandisi akaingia ndani, akaanza kung'oa waya ukutani. Wapangaji wa juu walichungulia madirishani, mmoja akatuuliza kwa utani kama tumefilisika. Tulitoa meza, maboksi ya karatasi, kabati. Mwenye guta alikubali kutubebea mpaka kwa ndugu mmoja karibu na Mnazi Mmoja, lakini alisema haingii kwenye baraza, tumletee vitu hapo upande wa pili.

Mashine ya kopi ndiyo ilibaki. Ni nzito, na shangazi ana mgongo. Nilishika upande mmoja, nikainua, ikanishinda. Nikainua tena. Upande wa pili ukanyanyuka, nikadhani ni mwenye guta ameona huruma.

Alikuwa dada Rehema. Alikuwa amevua glavu akazitia mfukoni, na kofia ameiweka juu ya ukuta wa mtaro. Nilitembea kinyumenyume, yeye akisimamisha magari kwa macho, tukavuka barabara yote, tukaiweka mashine juu ya guta taratibu ili kioo chake kisipasuke. Aliifunga kamba yeye mwenyewe. Alijaribu fundo, akalikaza tena.

Mhandisi alikuwa amesimama karibu na gurudumu.

"Na wale wa juu?" alimuuliza.

Dada Rehema alitazama madirisha ya jengo letu, nguo zilizoanikwa, mwanamke aliyekuwa anakung'uta mkeka, mtoto aliyekalia ukingo wa dirisha na muwa mkononi. Alitazama mpaka mwanamke yule akamwona na kumpungia. Naye akampungia. Kisha alifuta mikono kwenye suruali, akavuka barabara, akachukua kofia yake, akaingia getini, na pampu ikaendelea kunguruma.